Kumbukumbu ya Seva na Usiku wa Mwezi 27

Wateja wa duka la mtandaoni ninalolihudumia hawaji saa za kazi. Katika mwezi wa Ramadhani, kuanzia magharibi mpaka watu watoke kwenye tarawehe, seva huwa imenyamaza kabisa. Kisha, baina ya saa 3:30 na saa 5 usiku, watu wa Unguja, wa Pemba, wa Bara na wa Maskati huingia kwa pamoja, kila mmoja na simu yake mkononi, kutafuta kanzu, kofia za viua, madera na udi kabla sikukuu haijafika. Usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani iliyopita, saa 4:10, hifadhidata ya duka hilo ilizimika. Ikajiwasha yenyewe, na saa 4:48 ikazimika tena. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanya wiki mbili kabla, siku ambayo nilikwenda kulala nikiwa nimejiridhisha kwamba nimefanya kazi nzuri.

Mwenye duka ni mama wa Mji Mkongwe ambaye kwa umri ni sawa na shangazi yangu, na ndivyo ninavyomwita. Alipiga simu kabla sijamaliza kufungua kompyuta.

“Mwanangu, duka limefungwa? Watu wa Maskati wananiuliza, hawaoni kitu.”

“Shikamoo, Shangazi. Nipe dakika kumi tu.”

“Marahaba. Hizo dakika kumi zako nazijua.”

Mashine yenyewe ni ya kawaida sana: seva ya kukodi iliyoko ng’ambo, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, ile ambayo mafundi wengi huiita RAM, pamoja na diski ya SSD. (Shangazi aliwahi kuniuliza kwa nini tusiiweke mashine hapo hapo dukani, tukaokoa kodi ya kila mwezi. Nilimkumbusha miezi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila ya umeme kutoka Bara, naye hakuuliza tena.) Ndani ya gigabaiti hizo 4 wanaishi wapangaji watatu: nginx inayopokea wageni mlangoni, PHP inayoendesha WordPress na WooCommerce, yaani programu za tovuti na duka lenyewe, na MySQL 8.0 inayotunza bidhaa, bei na maagizo. Jambo hili la wapangaji watatu katika nyumba moja ndilo nililolisahau nilipokuwa nikisoma ushauri wa watu wengine.

Nianze na lile nililokuwa nimelipatia. MySQL ikisakinishwa na kuachwa kama ilivyo, huipa InnoDB, sehemu yake inayohifadhi majedwali, megabaiti 128 tu za kuwekea kurasa za data ilizokwisha kuzisoma kwenye diski. Katika faili la mipangilio sehemu hiyo inaitwa innodb_buffer_pool_size. Mimi hapa nitaiita bafa kuu. InnoDB haisomi mstari mmoja mmoja, bali husoma ukurasa mzima wenye kilobaiti 16, hata kama kinachotakiwa ni bei ya kofia moja, na ukurasa huo ukishasomwa hubaki katika bafa kuu ili anayeuhitaji baadaye asilazimike kuurudia kwenye diski. Mwenye duka dogo la Darajani huweka kwenye rafu vile vinavyoulizwa kila saa, na vilivyobaki humtuma kijana kuvifuata bohari. Rafu ikiwa ndogo mno, kijana hashindi dukani, anashinda njiani. Hifadhidata yetu ilikuwa na gigabaiti 1.9, na rafu yake ilikuwa megabaiti 128. Kwa hiyo malalamiko ya Shangazi kwamba ukurasa wa bidhaa unachelewa kufunguka yalikuwa ya kweli, na kuiongeza bafa kuu ilikuwa dawa sahihi.

Tatizo ni kwamba sikuishia hapo. Nilitafuta mfano wa faili la mipangilio, nikapata moja lililosifiwa kwa maneno mengi, nikalinakili lote. Liliniambia niipe bafa kuu gigabaiti 2, nami nikaona ni busara, kwa sababu wengi hupendekeza hata asilimia 70 au 80 ya kumbukumbu yote. Kisha likaniambia nipandishe na bafa nyingine ndogo ambazo sikuwa nimezichunguza: sort_buffer_size iwe megabaiti 8, join_buffer_size nayo 8, read_rnd_buffer_size 4 na read_buffer_size 2. Lilikuwa pia na mstari wa query_cache_size. Nilipoiwasha MySQL upya ilikataa kabisa kuinuka, ikilalamikia mstari huo, kwa kuwa akiba ya majibu iliyokuwa ikipangwa kwa jina hilo ilikwisha kuondolewa katika toleo la 8.0. Niliufuta mstari, MySQL ikawaka, nami nikaendelea na shughuli zangu.

Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi. Faili lenye mstari usiojulikana na toleo langu lilikuwa limeniambia waziwazi kwamba liliandikwa kwa ajili ya zama nyingine. Key_buffer_size iliyopandishwa hadi megabaiti 256 ilikuwa ushahidi wa pili, kwa maana mpangilio huo ni wa majedwali ya MyISAM, mfumo wa zamani wa MySQL wa kuhifadhi data, na InnoDB ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010. Dukani kwetu hapana hata jedwali moja la MyISAM. Anayetumia MariaDB anaweza kuuona mstari ule wa query_cache_size ukikubaliwa bila ya kelele, kwa sababu huko akiba hiyo bado ipo. Hifadhidata hizi mbili ni ndugu kwa kila hali, hata majina yao yalitokana na mabinti wawili wa Michael Widenius, mwanzilishi wa zote mbili, My na Maria, lakini ndugu hawa wamekwisha kutengana nyumba, na kilichopimwa kwa mmoja hakifai kuvishwa mwengine bila ya kujaribiwa.

Kwa nini basi seva haikuanguka usiku ule ule wa mabadiliko? Swali hili lilinishughulisha kuliko yote, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Programu ikiomba gigabaiti 2 za kumbukumbu, Linux, mfumo unaoendesha seva, huikubalia, lakini haiitoi mpaka programu yenyewe iiguse. Bafa kuu hujaa polepole, ukurasa baada ya ukurasa, kadiri wateja wanavyouliza. Siku ya kwanza MySQL yangu ilikuwa ikitumia sehemu ndogo tu ya ilichopewa, na kila kipimo nilichokitazama kilionekana kizuri. Kisha ikaja Ijumaa alfajiri, saa ya kuchukua nakala ya akiba ya kila wiki. Programu ya mysqldump husoma majedwali yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kufanya hivyo iliijaza bafa kuu karibu yote. Hata hapo mashine haikuanguka, kwa sababu wafanyakazi wa PHP, yaani nakala zake zinazohudumia wageni kwa wakati mmoja, walikuwa wanne au watano tu, nao hawakuwa wakiuliza mambo mazito. Kosa lilikaa kimya likingoja kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo wapangaji wote watatu wangedai haki zao kwa saa moja.

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla niliifanya baadaye, nyuma ya karatasi ya risiti. Bafa kuu ya megabaiti 2,048 huchukua zaidi ya hizo, kwa sababu InnoDB hujiongezea takriban asilimia 10 kwa ajili ya kuzisimamia kurasa zenyewe, tuseme 2,250. Wafanyakazi wa PHP nilikuwa nimewaruhusu wafike 20, na kila mmoja, akiwa na WooCommerce na programu-jalizi zake, alikuwa akichukua kiasi cha megabaiti 70. Hizo ni 1,400. Mfumo wenyewe pamoja na nginx ulitaka zaidi ya 300. Tumekwisha kukaribia 4,000 kati ya 4,096, na bado hatujazihesabu zile bafa ndogo.

Bafa ndogo ndizo zenye hila. Bafa kuu ni moja kwa seva nzima, na anayekosea ukubwa wake anakosea mara moja. Bafa za kupanga, za kuunganisha majedwali na za kusoma hutolewa kwa kila muunganisho unaozihitaji, na ile ya kuunganisha inaweza kutolewa zaidi ya mara moja katika hoja moja, yaani swali moja kwa hifadhidata, iwapo majedwali yanaunganishwa bila ya faharasa, ile orodha ya kutafutia kwa haraka. Kwa vipimo vya MySQL vya asili, nne hizo zikijumlishwa ni kilobaiti 896 kwa muunganisho mmoja. Hata miunganisho yote 151 inayoruhusiwa kwa kawaida ikizitumia kwa pamoja, jumla yake ni megabaiti 132. Kwa vipimo nilivyovinakili, muunganisho mmoja uliweza kufika megabaiti 22, na miunganisho 151 ingefika megabaiti 3,322, yaani zaidi ya robo tatu ya mashine nzima. Ni kweli kwamba hazitolewi zote kila wakati, na kwamba tangu toleo la 8.0.12 bafa ya kupanga hukua kidogo kidogo badala ya kuchukuliwa yote kwa mkupuo. Lakini mimi sikuhitaji miunganisho 151. Wafanyakazi 20 wa PHP, kila mmoja na muunganisho wake, walitosha kudai megabaiti 440 ambazo hazikuwapo.

Kumbukumbu ikimalizika kabisa, kiini cha Linux huchagua mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, wa kuuawa ili mfumo uliobaki upone, na kwa kawaida huchagua ule ulioshiba zaidi. Katika seva ya duka, aliyeshiba zaidi ni MySQL. Haipewi nafasi ya kujifunga vizuri, inakatwa tu. Maagizo yaliyokwisha kulipiwa hayakupotea, kwa sababu InnoDB kwa mpangilio wake wa asili huandika kila muamala kwenye diski kabla ya kusema umekamilika, na ilipowaka iliyarejesha yenyewe. Kilichopotea ni joto. MySQL ikizimwa kwa utaratibu, huandika orodha ya robo ya kurasa, zile zilizotumika karibuni zaidi katika bafa kuu, ili ikiwaka izirudishe haraka. Ikiuawa, haiandiki kitu. Orodha iliyokuwapo kwenye diski ilikuwa ya wiki mbili nyuma, ya siku niliyobadilisha mipangilio, wakati bafa kuu ilikuwa bado megabaiti 128. Robo yake ni megabaiti 32. Kwa hiyo katikati ya msongamano mkubwa wa mwaka, hifadhidata iliamka na rafu tupu, na kila mteja aliyekuwa akingoja ilibidi afuatiwe bidhaa yake bohari.

Nami nikaongeza maji kwenye unga uliokwisha kuzidi maji. Nilipoona imerudi lakini ni nzito, nilijiambia kwamba kabla sijagusa chochote nichukue nakala ya akiba. Ushauri huo ni mzuri siku zote isipokuwa usiku ule, kwani mysqldump ilianza kusoma majedwali yote, ikaijaza bafa kuu upya, na saa 4:48 MySQL ikauawa mara ya pili, nakala ikiwa nusu. Hapo ndipo nilipofungua daftari la matukio la mfumo kwa amri ya dmesg na kukuta maelezo yote yameandikwa humo, jina la mchakato uliouawa na kiasi cha kumbukumbu uliokuwa nao, tangu saa 4:10. Kama ningelisoma hilo kwanza, Shangazi asingepata simu ya pili kutoka Maskati.

Dawa ya usiku ule ilikuwa fupi. Tangu toleo la 5.7 bafa kuu inaweza kubadilishwa ukubwa seva ikiwa inafanya kazi, na katika 8.0 amri ya SET PERSIST huihifadhi thamani mpya ili isipotee seva ikiwashwa upya. Niliishusha hadi gigabaiti 1, nikazirudisha bafa ndogo zote nne katika vipimo vya asili, nikapunguza wafanyakazi wa PHP kutoka 20 hadi 16. Duka lilikuwa likienda saa 5:05, polepole, kisha kwa wepesi zaidi kadiri rafu ilivyojaa. Nilimpigia Shangazi kumjulisha. Alikuwa tayari anauza kwa ujumbe wa simu na daftari la karatasi.

Kazi ya kweli ilikuja baada ya sikukuu, nami niliifanya kwa kupima badala ya kunakili. Kwanza niliuliza hifadhidata ina nini ndani yake, kwa kujumlisha ukubwa wa data na wa faharasa katika information_schema, mahali MySQL inapoweka maelezo ya majedwali yake. Katika gigabaiti 1.9, karibu megabaiti 700 zilikuwa jedwali moja la programu-jalizi ya takwimu niliyoiondoa mwaka mmoja uliopita. Programu-jalizi iliondoka, jedwali likabaki, na kila Ijumaa nakala ya akiba ilikuwa ikilisoma lote na kulipitisha kwenye bafa kuu. Nilipolifuta pamoja na masalia mengine, hifadhidata ilibaki na gigabaiti 1.1. Sijui kama kuna njia rahisi zaidi ya kuongeza kumbukumbu kuliko kupunguza kinachoitaka.

Kisha nilitazama vihesabio viwili: Innodb_buffer_pool_read_requests, ambacho ni idadi ya mara ambazo ukurasa uliombwa, na Innodb_buffer_pool_reads, idadi ya mara ambazo ukurasa haukuwapo na ikabidi diski iguswe. Huhesabu tangu seva ilipowaka, kwa hiyo namba moja pekee haisemi chochote. Nilizichukua saa 3:30 usiku na tena saa 4:30, nikatoa ya kwanza katika ya pili. Napenda kuonya kuhusu ile asilimia ambayo wengi hujivunia. Ukurasa mmoja wa duka unaweza kuomba kurasa 10,000 za InnoDB, na asilimia 99 ya mafanikio ina maana kwamba mara 100 diski imeguswa kwa ajili ya mteja mmoja. Asilimia 99.9 ni mara 10. Tofauti ya namba hizo mbili kwa macho ni ndogo, kwa mteja ni kubwa. Siku hizi siandiki asilimia kabisa, naandika diski imeguswa mara ngapi kwa sekunde katika saa ya msongamano, na kwa gigabaiti 1 namba hiyo ilishuka hadi ikawa haifai tena kuihangaikia. Gigabaiti 2 hazikuwa na la kuongeza, kwani kinachotumika kila siku hakikuwa hifadhidata nzima.

Mpangilio mmoja zaidi unastahili kutajwa, kwa sababu mashine ndogo huumia kwa kutoujua. Majedwali ya muda ambayo MySQL 8.0 huyatengeneza inapojibu hoja nzito yana kikomo chao cha pamoja, temptable_max_ram, na thamani yake ya asili ni gigabaiti 1. Kwa mashine ya gigabaiti 64 hilo si kitu. Kwa yangu ni robo ya nyumba aliyoahidiwa mpangaji wa nne ambaye sikumjua. Nimeishusha hadi megabaiti 256. Na max_connections, ambayo faili lile lilitaka niipandishe hadi 500, sasa ni 40. Wafanyakazi 16, kazi za ratiba na mimi mwenyewe hatujawahi kufika 30.

Zile bafa za kupanga na za kuunganisha nilikuwa nimezipandisha ili hoja nzito ziende mbio, na nilipowasha daftari la hoja zinazochelewa, nikashusha long_query_time kutoka sekunde 10 za asili hadi 1, niligundua kwamba hoja nzito kuliko zote niliiandika mimi. Ilikuwa ikimtafuta mteja wa zamani kwa namba ya simu ndani ya meta_value ya jedwali la wp_postmeta, safu ambayo WordPress haiiwekei faharasa. Kila mteja alipofika kwenye malipo, jedwali hilo lilipekuliwa mstari kwa mstari. Nilitengeneza jedwali dogo la namba za simu lenye faharasa yake, na hoja ile haijaonekana tena katika daftari. Hakuna bafa ambayo ingeifanyia hivyo.

Kilichobaki ni maagizo yenyewe. Duka letu ni la kabla ya Oktoba 2023, WooCommerce 8.2 ilipoanza kuyaweka maagizo ya maduka mapya katika majedwali yao maalumu, kwa hiyo yetu bado yanakaa pamoja na makala na picha katika wp_posts na wp_postmeta, na kila anayesoma agizo moja hubeba kurasa nyingi asizozihitaji kuingia nazo kwenye bafa kuu. Nimepanga kuyahamisha kabla ya Shaabani, kwa kuanza na nakala ya duka katika mashine ya majaribio yenye gigabaiti 4 hizo hizo. Shangazi ameshaniuliza kama siku hiyo duka litafungwa, na kwa dakika ngapi. Safari hii nimemwambia saa mbili.